Kwa Boti Kupitia Berlin: Kumbukumbu za Safari ya Mwalimu wa Old Moshi

Jumamosi, 14 Juni 2025: Old Moshi hadi KIA

Kabla sijashuka mjini kupanda gari la kwenda uwanja wa ndege, nilipita kwa baba mkubwa kumuaga, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo wetu na hakuna anayevuka bahari bila kumpa taarifa. Nilimkuta amekaa barazani, fimbo mapajani, akitazama mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, unaopita ukingoni mwa kihamba, shamba la ukoo, na ambao wiki hiyo ulikuwa na maji mengi kutokana na mvua za masika zilizochelewa kuisha. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika kumbukumbu hizi: "Unakwenda Berlin. Huko ndiko inakosemekana walipeleka kichwa cha Mangi. Ukifika, mwanangu, tazama vizuri, uandike, urudi unisomee."

Kwa msomaji asiyetoka Kilimanjaro, Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, anayetajwa hapa ni Meli, mwana wa Mangi Rindi aliyejulikana pia kwa jina la Mandara. Mwaka 1892 Meli na askari wake waliwashinda Wajerumani waliokuja kumpiga, na mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi wakaishinda Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga hapa hapa Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18, na wazee wetu wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mti wanaosema alinyongewa bado tunawaonyesha wageni.

Safari yenyewe ilikuwa ya mapumziko. Nimefundisha Jiografia kwa miaka 33, nikastaafu, na mdogo wangu anayefanya kazi ya uuguzi Berlin kwa miaka mingi alinialika nikae naye majuma mawili. Mume wake, Mjerumani ambaye huniita "shemeji" kwa Kiswahili kizuri kabisa, ana boti ya chuma yenye vitanda vinne na jiko dogo, na ana leseni ya unahodha. Wao walipendekeza tulione jiji lote kwa maji, kuanzia upande wa mashariki hadi Potsdam, bila haraka, tukilala ndani ya boti.

Jumapili, 15 Juni: Addis Ababa, Frankfurt, Berlin

Siku hii ilikwisha angani na relini. Kutoka Frankfurt hadi Berlin treni ilichukua kama saa nne. Mdogo wangu alinipokea stesheni, tukakumbatiana hadi abiria wengine wakatupisha, na kitu cha kwanza alichoomba ni kifurushi cha kahawa ya nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni: Müggelsee na Köpenick

Tuliondoka asubuhi kwenye gati ya Köpenick, mahali mto Dahme unapoingia katika mto Spree. Spree una urefu wa karibu kilomita 400, lakini ndani ya Berlin hupita kama kilomita 44 tu, kisha hujimwaga katika mto Havel huko Spandau na jina lake kuishia hapo. Nilikuwa nimeufundisha mto huu darasani kwa mstari mmoja wa ramani, na sasa nilikuwa nimekaa omo nikiugusa kwa vidole.

Kabla ya kuelekea mjini, shemeji alitupeleka kwanza juu ya mkondo hadi ziwa Müggelsee, ambalo ndilo kubwa kuliko yote ndani ya jiji, lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 7. Kulikuwa na matanga meupe kila upande na misitu imelizunguka ziwa hadi ukingoni. Jambo lililonishangaza ni kwamba yote hayo yamo ndani ya mipaka ya mji mkuu wenye watu zaidi ya milioni tatu na nusu, na kwamba wakazi wake huingia majini kuogelea baada ya kazi kama vile vijana wetu wanavyokwenda Chemka siku za mapumziko.

Mchana tulifunga kamba Köpenick na kutembea hadi jengo la manispaa la matofali mekundu, ambapo pamesimamishwa sanamu ya fundi viatu aitwaye Wilhelm Voigt. Mwaka 1906 mtu huyo, aliyekuwa amekaa jela miaka mingi na kunyimwa kibali cha kuishi mjini, alinunua sare ya nahodha wa jeshi, akawaamuru askari aliokutana nao barabarani wamfuate, akamkamata meya na kuondoka na fedha za manispaa. Hakuna askari aliyemuuliza chochote, kwa sababu alikuwa amevaa sare. Watu wa hapa husimulia kisa hiki kwa kicheko, lakini mimi nilikifikiria kwa muda mrefu jioni ile, kwani utii wa namna hiyo kwa sare ndio uliopanda milima yetu miaka kumi na minne tu kabla ya kisa hicho.

Jioni mdogo wangu alipika mtori kwenye jiko la boti kwa ndizi alizozipata duka la Waafrika. Jua lilizama saa tatu na nusu usiku, jambo ambalo nimelieleza kwa wanafunzi kwa miaka yote hiyo kwa kutumia chungwa na mshumaa, na bado nilipoliona nilitoka nje mara mbili kuhakikisha.

Jumanne, 17 Juni: Treptow na ukuta

Tuliteremka na mkondo taratibu sana, kwa mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka, tukipita viwanda vya zamani vya matofali ambavyo vingine sasa vimegeuzwa nyumba za kuishi na vyumba vya wasanii. Kabla ya adhuhuri tulifika Treptow, tukashuka kuingia katika bustani kubwa iliyo kando ya mto.

Wageni wengi huja hapa kutazama ukumbusho wa askari wa Kisovieti, na unastahili kutazamwa: ulifunguliwa mwaka 1949, na juu ya kilima amesimama askari wa shaba wa mita 12 amebeba mtoto mkono mmoja na upanga mkono mwingine, huku zaidi ya askari 7,000 waliokufa katika vita vya kuuteka mji wakiwa wamezikwa hapo. Sisi hatukukaa sana. Tulikwenda hadi kwenye bwawa lililo ndani ya bustani hiyo hiyo, ambalo watu huliita Karpfenteich, yaani bwawa la samaki wa aina ya "carp", kwa sababu ndipo penye jambo lililotuhusu.

Mwaka 1896 Berlin ilifanya maonesho makubwa ya biashara na viwanda katika bustani hii, na sehemu moja ilikuwa ya makoloni. Watu zaidi ya 100, wanaume, wanawake na watoto, waliletwa kutoka Togo, Kamerun, Afrika ya Mashariki, Afrika ya Kusini Magharibi na Guinea Mpya, wakawekwa pembeni mwa bwawa hili katika vijiji vya kuigiza, na wakazi wa jiji walilipa kiingilio ili wawatazame wakipika na kucheza ngoma. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, alijipatia darubini ndogo ya ukumbini na kuanza kuwatazama watazamaji. Mwingine kutoka Kamerun, Martin Dibobe, alibaki Berlin na baadaye akawa dereva wa treni za jiji.

Sasa hivi bwawani kuna bata na wazazi wanaosukuma vigari vya watoto. Nilisimama hapo nikajaribu kukadiria vijumba vilikuwa upande gani. Mdogo wangu, ambaye hupita bustani hii akienda kazini, aliniambia kwamba aliishi mtaa wa jirani miaka sita kabla ya mtu yeyote kumweleza habari hizo.

Alasiri tuliendelea. Katikati ya mto wamesimama watu watatu wa madini wenye matundu mwilini, kazi ya Jonathan Borofsky ya mwaka 1999, mita 30 kutoka majini. Baada yao tukapita chini ya Oberbaumbrücke, daraja la matofali mekundu lenye minara miwili, lililomalizika mwaka ule ule wa 1896, na juu yake treni ya manjano ikapita wakati sisi tukiwa chini kabisa. Upande wa kulia ulianza ukuta: kilomita 1.3 za ule Ukuta wa Berlin uliojengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961, uliobaki umesimama na kuchorwa na wasanii wa nchi mbalimbali mwaka 1990. Kutoka majini mtu huuona mgongo wake, na shemeji, ambaye alikulia upande wa mashariki, alizima redio na kusema kwamba katika ujana wake mto huu ulikuwa mpaka, kwamba walinzi walipita hapa kwa boti, na kwamba hakuwahi kuota kuushika usukani mahali hapa. Alikuwa na umri wa miaka 24 ukuta ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Aliongea Kijerumani, mdogo wangu akanitafsiria, kisha wote wawili wakanyamaza hadi tulipofunga kamba.

Jumatano, 18 Juni: lango la maji, kisiwa cha makumbusho na bamba la shaba

Leo nimeona kitu ambacho ningetamani kila mwanafunzi niliyemfundisha habari za mifongo akione. Katikati ya jiji, mahali paitwapo Mühlendamm, mto umezuiwa ili maji ya upande wa juu yasishuke ovyo, na vyombo hupita kwa kuingia katika chumba kirefu cha zege chenye milango miwili. Tuliingia pamoja na meli ya watalii, mlango wa nyuma ukafungwa, maji yakaanza kupungua chini yetu polepole kiasi kwamba nilitambua tu pale ukuta wenye ukungu wa kijani ulipoanza kurefuka pembeni mwa bega langu. Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa, tukatoka tukiwa chini zaidi. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba bila kuikaza, maana ukiifunga kabisa wakati maji yanashuka, boti itaning'inia.

Wachaga walijua jambo hili la kuyatawala maji bila mashine. Mfongo unachepushwa kutoka mtoni juu msituni, unafuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, na katika kila mgawanyiko kuna mlango wa mawe, udongo na vigogo vya migomba unaofunguliwa na kufungwa kwa zamu iliyopangwa na wazee. Anayekosa siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini. Nilimweleza shemeji haya wakati tunasubiri taa ya kijani, naye akauliza maswali ya fundi kweli kweli: mteremko ni kiasi gani, nani anaamua zamu, maji yakipotea njiani inakuwaje. Alisema kwamba hapa pia kuna ratiba na kuna mtu mnaongea naye kwa redio, na kwamba asiyefuata zamu hukaripiwa mbele ya wote.

Baada ya lango hilo ndipo moyo wa jiji unapoanza. Mnara wa televisheni wa mwaka 1969, wenye mita 368, huonekana kila unapogeuka. Kushoto lipo jumba la kifalme lililojengwa upya. La zamani lilibomolewa kwa baruti mwaka 1950, pakajengwa Ikulu ya Jamhuri ya serikali ya mashariki, nayo ikabomolewa, na sasa pana Humboldt Forum, ambamo mna vitu vingi vilivyochukuliwa makoloni. Kisha kanisa kuu lenye kuba la kijani, kisha Kisiwa cha Makumbusho, majengo matano yaliyojengwa kati ya mwaka 1830 na 1930, ambayo UNESCO iliyaweka katika urithi wa dunia mwaka 1999. Pergamon lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Tuliingia Neues Museum kumwona Nefertiti, sanamu ya malkia wa Misri ya kale, nami nakiri kwamba ni mzuri kuliko picha zake zote, lakini chumba chake chenye giza na walinzi kilinichosha mapema.

Tulipotoka, mdogo wangu alisema anataka kunionyesha kitu kidogo, tukatembea hadi Brunnenstraße namba 193. Mlangoni, katikati ya mawe ya njia ya miguu, limezikwa bamba la shaba la sentimita kumi kwa kumi. Mabamba haya yamewekwa maelfu kwa maelfu Ulaya, na msanii Gunter Demnig ndiye aliyeanzisha kazi hiyo, kila moja mbele ya nyumba ya mtu aliyeuawa au kuteswa na Wanazi. Hili lina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904.

Nitaandika habari zake kwa urefu kidogo, kwa sababu katika miaka yote ya kufundisha sikuwahi kumtaja. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa katika jeshi hilo akiwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Hakurudi. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, alifundisha Kiswahili chuo kikuu, aliigiza katika filamu, alioa, akapata watoto. Mwaka 1941 alikamatwa na kupelekwa kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Mdogo wangu alitoa leso, akapiga magoti na kulifuta bamba hadi likang'aa. Alisema hufanya hivyo kila apitapo. Mpita njia mmoja, mama mzee, alisimama akasubiri tumalize kisha akapita pembeni. Nililisoma jina kwa sauti, nikaongeza "Mola ampe rehema", kwa sababu sikuona kwamba inafaa kuondoka mbele ya jina la mtu wa kwetu bila kusema lolote.

Hakuwa Mswahili wa kwanza kufundisha lugha yetu mjini hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja mwaka 1900 kufundisha, akaishi Berlin karibu muda wake wote uliobaki na kufia hapa mwaka 1927. Usiku boti ilifungwa kwenye maji meusi karibu na taa za mji, nami nilikuwa nikifikiria Kiswahili kilichosemwa katika mitaa hii miaka mia iliyopita, kimesemwa na nani, na kwa nani.

Alhamisi, 19 Juni: mjusi wa Tendaguru na mitaa ya Wedding

Boti ilipumzika leo, sisi tukatembea. Asubuhi tulikwenda makumbusho ya viumbe asilia, Invalidenstraße, na mara tu unapovuka mlango mkuu mjusi wa Tendaguru yupo mbele yako. Shingo yake inapanda hadi karibu na kioo cha paa, mita 13.27 kutoka sakafuni, na kitabu cha rekodi za dunia kinamtambua kuwa kiunzi kirefu kuliko vyote cha dinosaria kilichosimamishwa. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan, na ametoka kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale. Mamia ya watu wa kusini ndio waliochimba, wakafunga mifupa kwa udongo na mianzi, wakaibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kuja huku. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Nchi ile ilikuwa imetoka katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, na hao waliobeba mizigo walikuwa watu waliobaki.

Niliketi kwenye benchi kwa saa nzima. Watoto wa shule waliingia makundi kwa makundi, wote wakifanya kitu kile kile: wanasimama, wanainua macho, wanaachama. Mwalimu wao aliwaonyesha Tanzania kwenye ramani ukutani. Nilitaka sana kusimama nikawaambie kwamba natoka huko, na mdogo wangu, ambaye ananijua, alikwenda kumnong'oneza mwalimu yule. Nikajikuta nimesimama mbele ya watoto thelathini, nikieleza kwa Kiswahili umbali wa Lindi kutoka Kilimanjaro, huku mdogo wangu akitafsiri. Mtoto mmoja wa kike aliuliza kama watoto wa Lindi nao wamemwona mjusi huyu. Nilimjibu hapana, hawajamwona. Alinitazama kama mtu aliyepewa hesabu isiyo sahihi.

Mchana tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Afrikanische Straße, huko Wedding, ambako mitaa imepewa majina ya Kiafrika tangu enzi za ukoloni: Togo, Uganda, Tanga, Usambara, Zanzibar. Mtaa mmoja ulikuwa umeitwa kwa jina la Carl Peters, ambaye wazee wa Marangu na Rombo wanamkumbuka kwa jinsi alivyowanyonga watu alipokuwa kamishna wa Kilimanjaro. Mwaka 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu moja ya mtaa huo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipiga picha ya kibao nikiwa nimesimama chini yake na leso ya kichwani ya rangi za bendera, si kwa maonyesho, bali kwa sababu baba mkubwa haamini jambo asiloliona.

Kuhusu kichwa cha Mangi, haya ndiyo nitakayomsomea. Makumbusho ya Berlin yalirithi mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na karibu 200 kati yake yanatoka Tanzania ya leo. Watafiti walipima vinasaba, wakalinganisha na vya watu wa mkoa wetu waliojitolea, akiwemo mzee Isaria Meli, mjukuu wa Mangi aliyelitafuta fuvu la babu yake kwa miongo mingi. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa kwamba wamepatikana ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu hayo huku Kilimanjaro. La Mangi Meli halikuwa miongoni mwake. Miezi miwili baadaye Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Sikuomba kuyaona mafuvu. Si vitu vya kutazamwa.

Ijumaa, 20 Juni: bunge, Wilhelmstraße, Spandau

Tuling'oa nanga mapema kabla meli za watalii hazijajaa. Kushoto kulikuwa na jengo la Reichstag la mwaka 1894, lililoungua 1933 na kupewa kuba la kioo mwaka 1999, na mbele yake ofisi mbili za wabunge zilizounganishwa kwa daraja jembamba juu ya mto, moja ikiwa upande uliokuwa wa magharibi na nyingine upande uliokuwa wa mashariki. Shemeji alipunguza mwendo chini ya daraja hilo hadi boti ikawa inaelea tu.

Tulishuka kwa saa mbili, nikaomba tufike Wilhelmstraße namba 92. Pale palikuwa na jumba la kansela ambamo Bismarck aliwakusanya wajumbe wa mataifa 14 katika Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Peters alipewa hati ya ulinzi wa mfalme kwa ardhi alizodai huko kwetu, na mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza wakachora mstari ulioliacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Jumba halipo; limebaki bango la maelezo kwenye njia ya miguu, mbele ya maghorofa ya kawaida yenye baiskeli mlangoni. Nimewafundisha mkutano huu wanafunzi wasiohesabika, nikidhani siku moja nikifika mahali pake nitasikia hasira. Nilichosikia zaidi ni mshangao kwamba ni karibu hivi na mto, na kwamba wajumbe wale huenda walitembea jioni kando ya maji yale yale.

Baada ya hapo tulipita Bellevue, jumba rasmi la rais, na bustani za jumba la Charlottenburg, tukavuka lango la pili la maji, na jioni Spree ikaisha. Spandau hakuna maporomoko wala alama kubwa. Maji yanapanuka tu, na unakuwa kwenye Havel.

Jumamosi, 21 Juni: Havel

Siku ya kupumzika kweli. Mto huu ni mpana kama ziwa, misitu pande zote, mashua zenye matanga zinapishana kwa heshima. Tulipita ufukwe wa Wannsee uliojaa watu, na ng'ambo yake nyumba nzuri ya bustani ambamo tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 waliketi kupanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Siku hizi ni makumbusho. Tulilala karibu na Pfaueninsel, Kisiwa cha Tausi, na usiku tausi walilia juu ya maji hadi mdogo wangu akaanza kuimba nyimbo za kanisani za utotoni ili nipate usingizi.

Jumapili, 22 Juni: Potsdam na jiwe la Kibo

Tulipita chini ya daraja la Glienicke, ambalo Wamarekani na Wasovieti walilitumia kubadilishana majasusi, tukafunga kamba Potsdam. Kutoka hapo tulitembea karibu saa nzima katika bustani ya Sanssouci hadi Neues Palais, jumba lililojengwa na Frederick wa Pili kati ya mwaka 1763 na 1769, na ambalo baadaye Kaiser Wilhelm wa Pili aliishi.

Ukumbi niliokuja kuuona uko chini, upande wa bustanini. Kuta na nguzo zake zimefunikwa kwa makombe ya baharini, madini na mawe ya kila rangi, yamepangwa kwa mistari kama kanga iliyotandazwa, na mchana mwanga wake ni kama wa chini ya maji. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na watu wa Marangu wanalitunza jina la Yohani Kinyala Lauwo kama kiongozi aliyewaonyesha njia. Meyer alivunja jiwe la ncha ya juu kabisa, akaipa ncha hiyo jina la Kaiser, akaja na jiwe hilo Ujerumani na kumkabidhi mfalme sehemu yake, nayo ikatiwa katika ukuta wa ukumbi huu, miongoni mwa maelfu ya vitu vingine.

Lipo jiwe mahali hapo. Silo lile. Lile la kileleni lilipotea, pakawekwa jingine. Mwelekezaji alitueleza hivyo kwa sauti ya kawaida na kusonga mbele, na kundi lote likamfuata, nikabaki na mdogo wangu tumesimama nyuma ya kamba. Sisi tumezaliwa na Kibo nyuma ya nyumba. Kila asubuhi ya utoto wetu mama alitoka nje, akautazama, na kutuambia kama tutaanika kahawa au la. Mdogo wangu alianza kulia bila sauti. Nilimshika mkono, nikamwambia kwamba mahali lilipotoka panaitwa Uhuru, pana mita 5,895, na mwenge uliwashwa pale usiku wa Desemba 1961. Alijibu, "Najua, dada. Nataka tu kurudi nyumbani kidogo." Tukakubaliana aje Desemba.

Jumamosi, 28 Juni: Old Moshi

Nilifika juzi. Leo alasiri nilipanda kwa baba mkubwa na daftari, picha na kahawa ya Kijerumani ambayo hakuipenda. Nilimsomea yote kuanzia Köpenick, naye alinikatisha mara chache: kuhusu lango la maji, ambapo alitaka kujua nani hutoza faini, kuhusu yule mtoto wa shule, ambapo alitikisa kichwa, na kuhusu Kwelle Ndumbe, ambapo alicheka kwa furaha hadi akakohoa.

Kisha akauliza, "Na kichwa?"

Nikamwambia hakijapatikana, na kwamba wamepatikana ndugu za wengine. Alikaa kimya, akitazama kule uliko mti. Kijana wa jirani alipita na jembe kwenda kusafisha mfongo, akamwamkia, naye akaitikia bila kugeuka. Jua lilipokuwa linashuka aliniomba nimsomee tena siku ya Jumatano, ile ya bamba la shaba, polepole, na nilipofika kwenye jina alilirudia pamoja nami.